Kiguu na Sanduku la Arobaini na Moja

Nina miaka ishirini na miwili kwenye stoo ya jengo la sayansi, na sijawahi kumwona fundi wa majokofu akimaliza chai yake akiwa amekaa. Huianza mlangoni kwangu, akaimalizia ngazini, na kikombe nikakikuta ghorofa nyingine kabisa, juu ya boksi la umeme au kwenye dirisha la choo. Watu walimwita Kiguu na Njia. Miaka ilivyokwenda jina likakatika, akabaki Kiguu. Mimi wananiita Kufuli, na sikasiriki, maana jengo zima likijua kwamba stoo ina mwenyewe, vitu havitembei vyenyewe.

Namsimulia Kiguu kwa sababu wengi wameshamsimulia, na wamemsimulia hovyo. Mmoja anasema alikuwa mkaidi, mwingine anasema alikuwa na bahati, na wote hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Tena nilimpa ushauri mbaya, na afadhali niliseme mwenyewe hilo kabla sijasemewa.

Jengo letu lina ghorofa tatu. Chini wako watu wa fizikia na mashine yao ya kupima umri wa vitu vya kale, ambayo isipopozwa saa zote inagoma kama punda. Juu yao wako wa kemia, na mlango wao hupiti bila kuziba pua. Juu tena wako wa mimea, wanaolea miche kwenye vyumba vya vioo vyenye taa na feni, miche inayotunzwa kuliko watoto wa watu. Na juu kabisa wako wa vinasaba, wanaosoma damu, nywele na mifupa na kusema ni ya nani. Wote hao, na vyeti vyao ukutani, wanaishi kwa baridi ya Kiguu. Friza ikizimika, profesa anashuka ngazi mbilimbili akimwita fundi kwa sauti ya mtu anayemwita mkunga.

Kawaida ghorofa hizo hazisalimiani. Lakini miaka mitatu iliyopita zilipewa kazi moja ya pamoja. Kulikuwa na mifupa ya watu wasiojulikana, imelala kwenye makabati ya hospitali na vituo vya polisi, mingine kwa miaka mingi. Fizikia wakaambiwa wapime umri. Kemia watafute dawa ya kulainisha mfupa mkavu bila kuua kilichomo ndani. Mimea waangalie mizizi na udongo uliokuja na mifupa. Vinasaba wasome, watafute jamaa. Kila maiti ikapewa sanduku na namba, na masanduku yakawekwa kwenye friza za ghorofa ya tatu, ambazo ni za Kiguu kama stoo ilivyo yangu.

Sasa niseme kwa nini Kiguu hakukaa. Alikuwa na mdogo wake, wa baba mmoja mama mmoja, ambaye yeye alimwita Dogo tu, na mimi nitamwita hivyohivyo. Baba yao alifariki mapema, Kiguu akamlea Dogo na kumfundisha kazi. Siku moja Dogo aliachia gesi yote ya friza ya bucha ikavuja, nyama ya watu ikaoza, na Kiguu akapoteza mteja mbele ya umati. Akampiga kofi. Akamwambia, "Toka. Usinirudie mpaka uwe mtu." Dogo alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu kuliko kaka yake. Akavua ovaroli, akaikunja, akaondoka. Imepita miaka kumi na saba.

Tangu hapo kila Jumamosi Kiguu alikuwa safarini. Alifika kwenye makambi ya wajenzi wa barabara, kwenye mashamba makubwa, kwenye magereza, mipakani, kwenye vituo vya mabasi vya miji ambayo mimi naisikia redioni tu. Jumatatu anarudi macho mekundu, na mimi namuuliza, "Vipi?" naye anajibu, "Kuna mtu alimwona." Kila mara kuna mtu alimwona. Mochwari pekee hakuingia. Nilimuuliza siku moja, maana mdomo wangu hauna breki, kwa nini asiwaombe wale wa juu walinganishe damu yake na ile mifupa, wakati mifupa yenyewe anaitunza yeye. Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. "Mimi namtafuta mtu hai, dada," akasema, na wiki nzima chai yake akainywea kwa walinzi.

Nikajifunza kunyamaza, jambo ambalo kwangu si dogo.

Ghorofa ya tatu ina sheria yake. Yeyote anayeingia kule, awe profesa au mfagiaji, husuguliwa shavu kwa ndani na kijiti cha pamba, na alama za vinasaba vyake zikawekwa kwenye faili. Sababu ni kwamba mate au jasho la mfanyakazi likidondokea kwenye mfupa, mashine itamsoma mfanyakazi badala ya marehemu. Kwa hiyo kila jibu linalotoka hulinganishwa kwanza na faili hilo. Likifanana na la mfanyakazi, basi sampuli imechafuliwa, inatupwa. Kiguu alisuguliwa kama wengine, akalalamika kwamba pamba ina ladha ya gazeti.

Jumanne moja friza namba mbili ilikufa. Kiguu alikuja mbio dirishani kwangu.

"Dada, glavu pea mbili."

"Una mikono minne?"

"Navaa moja juu ya nyingine. Leo nahamisha watu."

Nilimpa. Alihamisha masanduku sitini na tatu kutoka friza iliyokufa kwenda nzima, peke yake, kwa sababu wasomi wote walikuwa kwenye kikao cha kujadili matumizi ya ukumbi. Aliporudisha ufunguo glavu bado ziko mkononi. Haya niliyaona kwa macho yangu, na nitaapa popote nitakapoitwa.

Wiki tano baadaye akaja na barua. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni akihamisha uzito mguu huu na huu. Barua ilitoka kwa Profesa, mkuu wa mradi, nayo ilisema kwamba jibu la sanduku la arobaini na moja limefanana na alama za fundi, kwamba siku ya kuhamisha masanduku fundi alifungua sanduku na kugusa mfupa, na kwamba fundi anatakiwa kutia saini chini kukiri kosa. Akikiri atapewa onyo tu na mambo yaishe. Asipokiri atasimamishwa kazi achunguzwe yeye na friza zake. Kwa vyovyote sampuli imeharibika, na mifupa ya sanduku hilo itachukuliwa na watu wa manispaa Ijumaa ikazikwe bila jina. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Ulifungua?" nikamuuliza.

"Sikufungua."

"Basi imekuwaje?"

"Ndiyo nauliza na mimi."

Nilikuwa na hasira, si kidogo. Hasira zangu lakini huwa zinatafuta njia fupi. Nikamwambia atie saini. Nikamwambia miaka imebaki minne astaafu, mama yake ni mzee na anamtegemea yeye tu, na marehemu hajui kama amezikwa na jina au bila jina. Nikamwambia funika kombe mwanaharamu apite. Nikampa na kalamu, Mungu anisamehe.

Aliishika ile kalamu akaizungusha vidoleni. Kisha akairudisha mezani, akakunja barua, akatoka.

Siku mbili zilizofuata Kiguu alitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Alifungua kompresa ya kemia iliyokuwa inanguruma vizuri kabisa, akaifunga tena. Alishuka kwa watu wa fizikia kukagua mabomba ya kupozea mashine yao, akiwa amelala chini ya bomba akamuuliza mtaalamu wao, kijana mpole mwenye miwani, kama yule wa arobaini na moja walishampima. Kijana akasema ndiyo, kwa jino. Akaeleza kwamba jino linapoota huhifadhi hewa ya miaka ile, na mashine inaweza kuisoma. Yule bwana, kama angekuwa hai leo, angekuwa na miaka thelathini na tisa hivi, akikosea ni mmoja mbele au mmoja nyuma.

Kiguu akakaza nati ambayo ilikuwa imekaza tayari.

Akapanda kwa watu wa mimea. Kule kuna mtafiti, mama wa makamo, mcheshi, anayezungumza na miche yake. Kiguu akaanza kufuta vumbi kwenye feni, akauliza kuhusu sanduku lilelile. Mama akafurahi kuulizwa. Wasomi wanapenda kuulizwa kuliko kulipwa. Akamwonyesha kipande cha mzizi kilichokatwa bapa kama sarafu. Ule mzizi ulipita katikati ya mbavu za marehemu, akasema, na mzizi wa mti una duara moja kwa kila mwaka. Alihesabu maduara kumi na sita. Kwa hiyo mtu yule amelala pale miaka kumi na sita, au kumi na saba ukiongeza wa kwanza.

"Na alipatikana wapi?" Kiguu akauliza.

"Kwenye yale machimbo ya zamani ya kokoto, nyuma ya kiwanda cha matofali. Inaonekana ukingo uliporomoka ukamfunika."

Machimbo yale ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwa mama yake Kiguu. Haya yote alinisimulia mwenyewe Jumatano mchana, alipokuja stoo na kufunga mlango nyuma yake. Kwenye stoo yangu hakuna mtu anayefunga mlango isipokuwa mimi, lakini siku ile nilimwachia. Alitembea kati ya rafu, kutoka kwenye mabomba hadi kwenye chupa, kutoka kwenye chupa hadi kwenye mabomba, na kila akifika mwisho anagusa ukuta.

"Dada, Dogo sasa angekuwa na miaka mingapi?"

Nilishajua. Nilihesabu kabla hajauliza. "Thelathini na tisa," nikasema.

"Na ameondoka lini?"

"Kiguu."

"Ameondoka lini, dada?"

"Miaka kumi na saba."

Akaendelea kutembea. Nikamwambia miji imejaa watu wa miaka thelathini na tisa. Nikamwambia machimbo yamewala wengi. Maneno yangu yenyewe niliyasikia yakipwaya.

"Nikitia saini," akasema, "nimekosa mimi, nimegusa mfupa, basi. Onyo, kazi inaendelea, na Jumamosi natoka kama kawaida. Nikitia saini Dogo yuko hai. Umeelewa? Kosa likiwa langu, Dogo yuko hai. Na kosa likiwa si langu..."

Hakumaliza. Barua aliitoa mfukoni, akainyoosha juu ya meza yangu, na safari hii kalamu aliichukua mwenyewe. Nilimwona akiandika herufi ya kwanza ya jina lake. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimemshauri, na nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikaweka kiganja changu juu ya barua.

"Twende juu tukaulize," nikamwambia. "Ukitaka kutia saini utatia tukirudi. Mimi mwenyewe nitakushikia karatasi."

Nikabeba katoni ya glavu ili nisionekane mwanamke anayezurura saa za kazi, tukapanda.

Daktari wa vinasaba ni binti mdogo, ana umri wa mwanangu wa mwisho, makini, mwenye sauti ya chini. Ndiye aliyesoma jibu la arobaini na moja na kuandika kwamba limechafuliwa. Alipotuona akajua tumefuata ugomvi, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Fundi, mimi sina nia mbaya na wewe," akaanza. "Ni utaratibu tu."

"Najua, dokta. Nina swali moja. Kilichofanana na mimi ni nini? Vyote?"

"Si vyote. Mfupa ule umechoka sana. Alama nyingi zimekatika, hazisomeki. Zilizosomeka vizuri ni zile za upande wa baba, na hizo zimefanana na zako zote, moja baada ya moja. Ndiyo maana tukasema ni wewe."

"Hizo za upande wa baba, nani mwingine anazo?"

"Kila mwanamume anarithi kwa baba yake bila kubadilika. Unazo wewe, alikuwa nazo baba yako, watakuwa nazo wanao wa kiume, na ndugu zako wa..."

Aliishia hapo. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa kuhesabia kwenye vidole, ukabaki hewani. Akamtazama Kiguu, akanitazama mimi na katoni yangu. Nilimhurumia binti yule. Amesoma miaka yote, anajua habari za ukoo wa watu kwa namba, na hakuna siku aliyofikiri kwamba anayemfungulia friza ana ukoo. Kwake faili la wafanyakazi lilikuwa la uchafu. Ukionekana kwenye jibu wewe ni doa, na doa halina ndugu. Sisi sote jengoni tungekosea vilevile. Anayevaa glavu kila siku huzoea kuogopa uchafu tu.

"Fundi," akasema taratibu, "una ndugu wa kiume?"

"Ninaye," Kiguu akasema. "Alipotea."

Yule binti alisimama. Akasema samahani, na akaisema vizuri, bila kujitetea. Kisha akashika simu kumwita Profesa.

Profesa alikuja na uso wa mtu aliyekatizwa chakula. Alisema kwamba hayo ni ya kubahatisha tu, kwamba manispaa wameshapangiwa Ijumaa, kwamba mfupa ukishachafuliwa umechafuliwa. Daktari akamjibu kwamba mfupa haukuchafuliwa, ni yeye aliyesoma vibaya, na ataandika hivyo kwa jina lake. Profesa akamgeukia Kiguu na kumuuliza kama anaelewa anachokiomba, kwamba kuna njia rahisi na iko mfukoni mwake.

Kiguu akaitoa barua. Ile herufi moja ilikuwa pale chini, peke yake.

"Sikufungua sanduku," akasema. "Na sitatia saini. Mkitaka kunisimamisha nisimamisheni, lakini huyo mtu asizikwe kabla hamjamuuliza mama yangu."

Hakuna aliyemsimamisha. Maziko ya Ijumaa yakaahirishwa, na kazi ikahamia kwa watu wa kemia. Walikuwa na dawa yao mpya, ambayo walikuwa bado wanaijaribu, ya kutoa vinasaba kwenye mfupa mgumu ulio nyuma ya sikio, mahali ambapo hata aliyekufa siku nyingi huacha kitu. Mwanakemia mkuu ni mwanamke mkali, sisi wawili hatujawahi kupatana, tangu aliponiomba chupa mia nikampa themanini. Siku ile alikuja stoo mwenyewe akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada Kufuli, nipe chupa mpya zisizoguswa na mtu, na kazi ya lile sanduku la fundi wa friza nitaifanya mwenyewe." Nikampa mia na ishirini.

Kilichobaki kilikuwa shavu la mama. Mama na mtoto wanagawana nusu kwa nusu, daktari alieleza. Ukiwa na mama, hata jibu lililokatika linaunganika. Kiguu alikwenda nyumbani na kijiti kwenye bahasha. Aliniambia baadaye kwamba alimdanganya. Alimwambia ni vipimo vya wazazi wa wafanyakazi, chuo kimeamua. Mama yake alifungua mdomo bila kuuliza swali, akasuguliwa, akafunga mdomo, akaendelea kushona kifungo. Kiguu akashukuru kwamba hakuulizwa, na akakosa usingizi kwa sababu hakuulizwa.

Wiki mbili zilizofuata sitaki kuzirudia. Jumamosi ya kwanza alikwenda kituo cha mabasi kama kawaida, akapanda basi, akashuka kabla halijaondoka. Ya pili hakwenda. Alikuja chuoni siku ambayo hakuna mtu na kupaka rangi milango ya friza. Mimi najua kwa sababu mlinzi alinipigia simu kuniuliza kama rangi ile imetoka kwangu. Haikutoka kwangu, na sijui aliipata wapi.

Kila akimwona daktari akishuka ngazi alikuwa anasimama palepale alipo, na bisibisi yake hewani. Nami nilikuwa natoka mlangoni. Tulikuwa tunamtazama yule binti kama watu wanavyomtazama hakimu, naye maskini alikuwa anakwenda chooni tu.

Jibu lilitoka Alhamisi, saa nne asubuhi. Daktari hakutuma mtu. Alishuka mpaka kwa watu wa mimea, ambako Kiguu alikuwa anabadilisha feni, akamwomba watoke kwenye korido. Nilikuwa nakuja na balbu, nikawakuta. Alimwambia wazi, bila kuzunguka: mwenye mfupa ni mtoto wa mama yake Kiguu, na baba yao ni mmoja. Hakuna shaka inayostahili kutajwa. Akaongeza kwamba kwenye mifupa hakuna dalili kwamba aliteseka muda mrefu. Ukingo ulianguka mara moja. Kiguu akamshukuru. Akarudi ndani, akamaliza kufunga feni ile, akaijaribu ikazunguka, ndipo akaniambia, "Dada, nisindikize nyumbani. Peke yangu sitafika."

Profesa alituma barua nyingine baadaye, ya kufuta ile ya kwanza, imejaa maneno marefu na haina neno pole. Sheria ya ghorofa ya tatu nayo imebadilika: jibu likifanana na la mfanyakazi, kabla ya kuandika uchafu mfanyakazi anaulizwa kwanza ana jamaa gani. Hayo ni ya chuo. Mimi siku ile nilikuwa natembea nyuma ya Kiguu kwenye njia ya kwao, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nililazimika kupunguza mwendo ili nisimpite.

Mama alikuwa ndani, kwenye kiti karibu na dirisha. Ni mwanamke mwembamba, macho yake yameanza kwenda, lakini alitambua hatua za watu wawili badala ya mmoja. "Una mgeni," akasema. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniomba nikae. Kiguu hakukaa. Alisimama mbele yake mikono imeshikana, mwanamume wa miaka hamsini na sita, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama, nilikudanganya kuhusu kile kijiti."

"Najua."

"Wamempata Dogo."

Kiguu akamweleza yote. Machimbo, ukingo, miaka kumi na saba, sanduku alilolihamisha kwa mikono yake mwenyewe na asijue amembeba nani. Alieleza akiwa na haraka, kama anayetaka kumaliza kabla sauti haijamwisha. Mwishowe akasema kile ambacho nadhani alikuwa hajawahi kukisema kwa mtu. Akasema, "Mimi ndiye niliyemfukuza, mama. Nilimwambia asirudi."

Mama akanyoosha mkono akiutafuta mkono wake, akaupata.

"Mimi nilimlilia mwaka uleule," akasema.

Kiguu alimtazama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nizunguke miaka yote hii? Mbona hukuniambia, mama?"

"Kila Jumamosi ulikuwa unatoka na tumaini, na Jumapili unarudi hai. Ningekwambia, ungerudi na nini?"

"Lakini ulijuaje? Hakuna aliyejua. Wenye mashine wenyewe hawakujua."

Mama yake alimvuta mpaka akapiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili, akausogeza karibu na macho yake yale mabovu.

"Mwanangu," akasema, "yule mtoto tangu kuzaliwa hakuwahi kukukasirikia zaidi ya siku mbili. Ilipofika ya tatu na hajarudi kwako, nikajua."